Mmarekani niliyemwonyesha mpira 2022, sasa ananiamsha usingizini kuniuliza mabeki wa Paraguay

MbebaBoksi_Ohio (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga apite tu.

Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ndiyo hiyo mnayoitania humu kila siku, kubeba boksi, tena shifti ya usiku. Ijumaa ile ya droo ya Kombe la Dunia la 2026, Desemba 2025, nilikuwa nimelala fofofo. Mchana simu ikaita. Ikakata, ikaita tena. Nikajua nyumbani kuna msiba. Napokea, ni sauti ya mzee wa kizungu: "Paraguay! Tuko na Paraguay na Australia! Hao Paraguay wakoje?"

Nikamwambia Paraguay si watu wa kuchezea, kwenye kufuzu waliwafunga Brazil na wakawafunga Argentina. Kimya. Halafu: "Mabeki wao?"

Huyu mtu Novemba 2022 alikuwa hajui kuotea ni nini.

Nitamwita Mzee Kofia, maana sijawahi kumwona bila kofia ya timu ya chuo kikuu cha hapa. Ana miaka 61, anaendesha foklifti, maneno yake machache. Kwa wasiojua, Columbus mpira wa yai, ule wa Kimarekani wa kukimbia nao mkononi, ni dini. Uwanja wa chuo unaingiza watu zaidi ya laki moja, wanachuo wanacheza na nusu ya mji umevaa nyekundu. Mpira wetu yeye alikuwa anauita mchezo wa watoto wa shule na watu wazima wanaojiangusha. Alinitamkia hivyo usoni, bila ubaya, kama mtu anayekuambia nje kuna mvua.

Sasa tarehe 22 Novemba 2022. Argentina na Saudi Arabia, kwa saa za huku ni saa kumi na moja alfajiri. Breki yetu ya mwisho ya usiku ni saa kumi na moja na dakika tano, nusu saa. Nimekaa chumba cha mapumziko, simu nimeiegemeza kwenye kopo la soda, chapati yangu mkononi. Mzee Kofia akaja kukaa meza ile ile kwa sababu nyingine zote zilikuwa chafu. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, wakuu, msitafute nyingine.

Messi akafunga penalti dakika ya kumi. Mzee akatikisa kichwa, akaendelea na sandwichi yake. Baadaye Messi akaweka tena kambani, bendera ikapanda. Lautaro akaweka, ikakataliwa. Hapo mzee akaacha kutafuna. "Wamefanya nini?" Nikamwambia ameotea. "Maana yake?"

Sasa mwelezee Mmarekani kuotea kwa Kiingereza changu cha Mbagala. Pale mezani kulikuwa na kikapu cha vile vipakiti vya tomato na haradali. Nikapanga tomato ndiyo Argentina, haradali ndiyo Saudia, kipakiti cha chumvi ndiyo mpira. Nikamsogezea: mpira unapopigwa, huyu asiwe amempita yule wa mwisho kabla ya kipa. Akaniangalia kama namwuzia gari bovu. Dakika ya 34 Lautaro akaweka tena, na hilo nalo halikukubaliwa. Mzee Kofia akainama mezani, akachukua haradali zote nne, akazisukuma mbele kwa mkupuo mmoja hadi katikati ya meza, tomato zikabaki nyuma peke yake.

"Wanafanya makusudi," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikamwambia ndiyo. Wamepanda juu wote kwa pamoja, wameacha uwanja mzima nyuma yao mtupu. Mmoja akichelewa hatua moja tu, wamekufa. Mzee akasema, "Wana kichaa." Supavaiza akaja kusimama mlangoni, tukaondoka. Ila nilimwona mzee ametia haradali moja kwenye mfuko wa shati.

Saa moja tunatoka, baridi la kukata masikio. Nikakimbilia gari, nikawasha simu: Saudia 2, Argentina 1, dakika za nyongeza. Mlango wa abiria ukafunguliwa, mzee akaingia bila kubisha. Tukaangalia mle ndani hadi filimbi, vioo vimejaa mvuke. Nikamwambia Argentina walikuwa hawajafungwa mechi 36. Akauliza, "Na mechi nyingine ni lini?"

Naendelea, ngoja nipashe kiporo.

Chai_ya_Rangi

Bila picha hii ni chai. Mzungu wa miaka 61 anaacha yai lake kwa sababu ya vipakiti vya tomato? Weka picha ya haradali tuamini.

Mtoto_wa_Ruwi

Wallahi umenikumbusha mbali, bwana weye. Siku ile sie tupo Maskati, Ruwi, saa nane za mchana, tumesimama mlangoni pa duka la televisheni. Muhindi yupo, Mbalushi yupo, Waswahili ndo usiseme. Goli la Al-Dawsari lile, la pili la Saudia, anageuka, anawapita, anaupinda pembeni, mwenye duka alitupa kalamu ya risiti hatukuiona tena. Na mfalme wa Saudia akatangaza siku ya pili yake mapumziko nchi nzima.

Ila ustadhi umemwanzisha mzee wa watu na darasa gumu. Sie mtoto tunamwanzisha na kona.

Kipanga_Kayole

Zii, hii si chai, mimi naiamini. Agosti 2025 nilikuwa Kasarani, CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, sisi na Morocco. Ogam alipofunga, nyuma yangu kulikuwa na Waamerika wawili, wamekuja Kenya mambo ya utafiti sijui wa udongo. Kipindi chote cha pili tulicheza watu kumi. Huyo mama wa Amerika alikuwa anauliza kila dakika mbili "imebaki ngapi?" Mwisho wa mechi alikuwa amelia, na hakujua hata jina la mchezaji mmoja. Aliniambia amekaa kwa viwanja vingi kwao lakini hajawahi kuona watu elfu nyingi hivyo wameshikilia roho mara moja.

MbebaBoksi_Ohio

Kipanga, hiyo "imebaki ngapi" nakuja nayo sasa hivi.

Tarehe 25 Novemba, Marekani na Uingereza. Hiyo ni Ijumaa, kesho yake baada ya ile sikukuu yao ya bata mzinga. Mzee akanialika kwake. Nikamwambia mke wangu tumealikwa kwa mzungu, akakaanga sambusa sitini, hakuna aliyemwambia.

Nyumba imejaa: kaka zake, wake zao, wajukuu. Wote wameshiba tangu jana. Mzee akanivuta pembeni jikoni: "Sisi na wao nani bora?" Nikamjibu ukweli, Waingereza. Akarudia swali, akidhani sikusikia vizuri.

Wakuu, hapa ndipo penye kiini cha uzi. Hawa watu wamekulia kwenye michezo ambayo wao ndio wakubwa. Olimpiki wanahesabu dhahabu. Ligi yao ya mpira wa yai wanacheza wenyewe kwa wenyewe, halafu mshindi wanamwita bingwa wa dunia. Mzee Kofia ana miaka 61 hajawahi kukaa mbele ya televisheni akiiona nchi yake ni timu ndogo. Sisi tumezaliwa humo. Mtanzania hata aione Taifa Stars inaongoza, moyoni anahesabu dakika. Hiyo elimu tunayo tangu utotoni na hatujawahi kujua ina thamani.

Mechi ikaanza. Pulisic wa Marekani akagonga mwamba, nyumba nzima ikaruka, mmoja akamwaga bia kwenye zulia. Marekani wakawa wanacheza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kipindi cha pili ndugu wakaanza kulala mmoja mmoja, kaka mkubwa anakoroma kabisa. Dakika ya 80 aliyebaki amesimama ni mzee peke yake, kofia ameigeuza nyuma mbele, mikono kichwani. Kane wa Uingereza akapata kichwa mwishoni kabisa, ukaenda nje. Mzee akashika ukuta.

Ikaisha 0-0. Akanigeukia, uso mwekundu: "Hii ni nzuri, sivyo? Sare ni nzuri?"

Nilikuwa namwona Mmarekani anaomba sare kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Shemeji yake akaamka, akaangalia ubao, akasema "masaa mawili na hakuna aliyefunga?" Mzee akamjibu maneno ambayo siwezi kuyaweka humu, Mods wataninyonga.

Siku nne baadaye ikawa Iran. Marekani lazima ashinde ndio avuke, sare anaaga. Pulisic akafunga dakika ya 38, akagongana na kipa, akashindwa kurudi kipindi cha pili. Tuliangalia kwangu. Sasa saa. Kwenye mpira wao wa yai na wa kikapu saa inahesabu kurudi nyuma, ikifika sifuri kengele inalia, kila mtu anaona. Hapa inapanda, inafika 90 na watu wanaendelea kucheza. Ubao ukainuka: dakika tisa. Mzee akafoka, "Tisa za nani? Saa iko kwa nani?" Nikamwonyesha refa, ni yeye ndiye ameishika. "Yeye peke yake? Na sisi hatuoni?" Hatuoni. Akakaa chini, akasema polepole kwamba huo ndio ujinga mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona kwenye michezo, na akaomba tusimpe chai mpaka iishe, mikono inamtetemeka.

Babu_wa_Gerezani

Wajukuu, msimwonee huyo mzee kana kwamba kwao mpira haukuwahi kuwepo. Mwaka 1930 kombe la kwanza Marekani walifika nusu fainali. Mwaka 1950 pale Belo Horizonte waliwafunga hao hao Waingereza 1-0, na mfungaji Joe Gaetjens alikuwa Mhaiti. Mwaka 1994 waliandaa wao, wakaingia viwanjani watu zaidi ya milioni tatu na nusu, rekodi ambayo hadi kombe la 2022 linapita ilikuwa haijavunjwa. Fainali pale Pasadena, Baggio wa Italia akapiga penalti ikaelekea kwa Mungu. Mimi niliifuatilia redioni, betri nimezianika juani mchana kutwa ziongezeke nguvu.

MbebaBoksi_Ohio

Shikamoo Babu. Hiyo ya Gaetjens nilimweleza mzee, akaenda kuitafuta usiku kucha. Na kuna kubwa zaidi: humu humu Columbus Marekani wamemfunga Mexico 2-0 mara nne kwenye kufuzu, 2001, 2005, 2009 na 2013. Matokeo yale yale, mji ule ule. Hadi leo mashabiki wao wanaiimba hiyo mbili bila kwa Kihispania. Uwanja upo mwendo wa robo saa kutoka kwake. Mzee miaka yote hiyo alikuwa anapita pale na gari analalamikia foleni.

Mjumbe_Hauawi

Nyie shangilieni tu. Mimi nasema Mmarekani akipenda kitu, hesabu kimeharibika. Tazameni hilo kombe la 2026: timu 48, mechi 104, tiketi bei inapanda na kushuka kama nauli ya kwenda Moshi Desemba. Sasa wametangaza kila kipindi kutakuwa na mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji, mechi zote, hata kama kuna baridi. Maji gani hayo? Hayo ni matangazo ya biashara. Na mashabiki wa Haiti na Iran timu zao zimefuzu, wenyewe viza hawapati. Huyo Kofia wako akae na yai lake.

Kipanga_Kayole

Mjumbe amesema kweli tupu hapo kwa tiketi. Mimi nilipiga hesabu ya fainali ya New Jersey nikafunga simu nikaenda kulala.

MbebaBoksi_Ohio

Mjumbe, sikubishii hata neno. Ila ungemsikia mzee siku alipoisoma hiyo ya maji. Kilichomkamata kwenye mpira huu kwanza kabisa ni kwamba dakika 45 hakuna tangazo. Kwenye mpira wao unakaa masaa matatu, na mpira wenyewe unachezwa kama dakika 11 hivi, kinachobaki ni marejeo, mikutano ya makocha na matangazo ya magari makubwa. Aliniambia mechi ile ya Uingereza alikaa na mkojo hadi mapumziko kwa sababu hakukuwa na pa kutokea. Sasa anawalaani wenzake kuliko wewe.

Niwamalizie 2022. Marekani wakatolewa na Uholanzi, 3-1. Mzee alikaa kwenye gari lake nje ya kwangu nusu saa, hakuwasha injini. Mke wangu anachungulia dirishani: "Yule mtu ana nini?" Nikamwambia mwache, anajifunza.

Nilidhani ndiyo mwisho. Jumanne Morocco na Hispania, saa nne asubuhi, mzee ananipigia: "Tunaangalia wapi?" Nikampeleka mgahawa wa Wasomali kule Cleveland Avenue. Wanaume kama themanini, televisheni tatu, mzungu ni yeye tu. Wakampa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi. Shaah ya maziwa ikaja, ndizi juu ya wali ikaja, akauliza ndizi inafanya nini hapo, akaonyeshwa namna ya kula.

0-0 tena, dakika 120. Safari hii hakuuliza kama sare ni nzuri. Matuta. Bono, kipa wa Morocco, akadaka moja, akadaka nyingine. Akaja Hakimi, akaudokoa katikati polepole kama anamrudishia mtoto mpira. Sijui nieleze nini. Meza zilihama. Mzee alibebwa na watu asiowajua majina. Baadaye nikamwambia huyo Hakimi amezaliwa Madrid. Akashangaa: "Kwa nini hachezei Hispania?"

Nikamwuliza goli lenu dhidi ya Wales alifunga nani? Weah. Baba yake nani? Hajui. Nikamwambia baba yake George Weah, mchezaji bora wa dunia 1995, na wakati tunaongea ndiye rais wa Liberia. Beki wenu Dest amezaliwa Uholanzi. Robinson, Uingereza. Musah kazaliwa New York kwa wazazi wa Kighana, kakulia Italia na London. Mzee akanyamaza muda mrefu, kisha akasema babu yake yeye alitoka Slovakia akiwa na koti moja. Miaka yote tunafanya kazi pamoja, hajawahi kunitajia huyo babu.

Papa_Benedi

Jambo bandugu. Miye niko Louisville, Kentucky, lakini muji yetu ni Bukavu. Hii histoire ya Mumarekani iko ya kweli, nasi tuko na wetu.

Mwezi wa kumi na moja ya 2025, siku ya Kongo na Nigeria, tulikuwa batu karibu makumi ine mu salon ya ndugu moja. Nigeria banatufunga mbio mbio, Elia anarudisha. Tunafika penalti. Kocha anaingiza kipa mupya, Fayulu, juu ya penalti tu. Bamama banafunga macho. Mbemba ndiye alikuja kupiga ya mwisho. Bolingo, yaya yangu alianguka chini juu ya meza ya vinywaji. Tangu 1974 hatuyafika mu Kombe la Dunia! Miye sikuwe nimezaliwa. Papa alikuwa anatuelezea ile 9 kwa 0 ya Yugoslavia kama vile mutu anaelezea kilio ya kwabo.

Basi jirani wa juu, Mumarekani, akakuja kugonga mulango. Alizani kuko vita. Tukamwambia tumeshinda Nigeria, tunaenda baraji, ile michezo ya mwisho ya kutafuta Kombe la Dunia, ya mwezi wa tatu kule Mexico. Hakusikia kitu, lakini tulimupa kiti na Fanta. Sasa kila mechi anashuka na kiti yake mwenyewe.

Mtoto_wa_Ruwi

"Anashuka na kiti yake mwenyewe." Nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wananitazama.

MbebaBoksi_Ohio

Papa Benedi, pokea heshima. Mechi ile nasi tuliiona. Mzee alisimama upande wa Kongo kwa sababu moja tu, nilimwambia hawajafika huko miaka 51.

Fainali ya Qatar, Argentina na Ufaransa, nisiirefushe, wote mliiona. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi, mzee akakosa kanisa. Messi, Di María, 2-0, mambo yamekwisha, mke wangu anatandika pilau. Mzee akasema tule, imeisha. Nikamwambia kaa. Dakika ya 80 Mbappé, ya 81 Mbappé, na hilo la pili hata sahani hazijafika mezani. Ikawa 3-2, ikawa 3-3. Pale Kolo Muani alipobaki na kipa peke yao, sekunde za mwisho kabisa, mzee alitoka akaenda kusimama jikoni na mgongo wake kwetu. Hakuuona ule mguu wa kipa Martínez ulivyookoa. Nilimwita aje aone marejeo, akasema hapana, nisimulie tu. Nikamsimulia. Pilau lililiwa saa nane, la baridi.

BintiTanga

Nimesoma uzi wote na sijaona mwanamke hata mmoja isipokuwa anayekaanga sambusa. Mnasema Marekani ni timu ndogo, timu ndogo. Timu ya nani? Wanawake wa Marekani wamebeba Kombe la Dunia mara nne, 1991, 1999, 2015 na 2019. Ile fainali ya 1999 waliingia watu elfu tisini na zaidi Pasadena, uwanja ule ule wa Babu na betri zake, Chastain akamalizia mkwaju wa mwisho. Sheria ya 1972 iliwalazimisha shule na vyuo kuwapa wasichana nafasi sawa na wavulana, mpira ukaingia humo. Kwa hiyo huyo mzee kwao kulikuwa na mabingwa wa dunia sebuleni, yeye anawatafuta Qatar.

MbebaBoksi_Ohio

Dada, umegusa pabaya. Nilikuwa sitaki kuandika hili, ila umeniita.

Mzee ana binti mmoja. Alicheza mpira tangu ana miaka sita hadi anamaliza sekondari, winga wa kushoto. Mzee ndiye aliyekuwa anampeleka, kila Jumamosi, miaka yote. Anaegesha gari, anabaki ndani na gazeti na redio, mpira wa yai unaendelea. Binti akirudi na matope anamwuliza "mmeshinda?" basi. Aliniambia haya 2023, tukiwa kwenye breki, meza ile ile. Akasema, "Alikuwa anaweza kuwa anafanya mambo kama yale ya Di María, mimi sijui. Nilikuwa nje."

Binti sasa yuko Oregon, ana watoto wawili. Wakati wa mechi za Marekani wanapigiana simu, kila mmoja kwao, wanaiacha wazi dakika zote 90. Binti ndiye anamfundisha mambo ambayo mimi siyajui, nani anamkaba nani, kwa nini huyu hakupanda. Siku moja nilimsikia kwenye spika akimwambia, "Baba, hapo ndipo nilipokuwa nachezea mimi." Mzee akaomba amrudishie, hapo wapi? Akachukua kalamu akachora kwenye boksi.

BintiTanga

Sawa. Nimekusamehe na sambusa zako.

Chai_ya_Rangi

Mimi nilidai picha. Sidai tena.

Babu_wa_Gerezani

Mwambie basi tarehe 23 Desemba 2025 Stars wanafungua AFCON na Nigeria pale Fes, Morocco. Mwaka 1980, mara yetu ya kwanza kabisa AFCON, walitufungulia hao hao Lagos, 3-1.

MbebaBoksi_Ohio

Babu, anajua. Wiki iliyopita alinihoji: mmeshiriki mara ngapi? Tatu, hii ya nne. Mmeshinda mechi ngapi? Hakuna. Akadhani Kiingereza changu kimepinda tena. Nikamwonyesha kidole na kidole, nikakunja ngumi: sifuri. Tumetoa sare tu.

Akauliza sare ngapi. Nikamwambia tatu: Ivory Coast 1980, kisha Zambia na Kongo kule San Pedro na Korhogo mwanzoni mwa 2024. Zambia tuliongoza na goli la Msuva hadi dakika ya 88. Akavua kofia, akajikuna kichwa. Kumbe ana upara.

Jana nimekuta kwenye ubao wa ruhusa kazini jina lake la tarehe 23, juu ya langu.